Shindana: Wanasesere Weusi wa Los Angeles na Majina Yao ya Kiswahili

Kiswahili kina majina kadha ya kile kitu kidogo ambacho mtoto hukibeba mgongoni, hukivisha kitambaa na kukilaza usiku kana kwamba kina uhai. Mwanasesere ndilo jina lijulikanalo zaidi vitabuni. Lakini mtoto wa bandia nalo ni jina la zamani, na kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya ishirini ziliandika bandia kwa maana ya mwanasesere. Leo neno hilo limehamia kwingine. Noti isiyo halali ni ya bandia, meno ya kutengenezwa ni ya bandia, hata dawa iliyoghushiwa ni ya bandia. Hivyo neno moja limebeba maana mbili: kitu kilichofanywa kwa mfano wa kingine, na kitu kisichokuwa cha kweli. Tofauti ya maana hizo si ndogo, na kwa mtoto aliyepewa mwanasesere asiyefanana naye hata kidogo, ni tofauti kubwa kuliko watu wazima wanavyodhani.

Wazaramo na baadhi ya jirani zao, nyuma ya pwani ya Dar es Salaam na Bagamoyo, walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti aliyopewa mwali alipokuwa ndani, akaiosha, akaipaka mafuta na kuitunza kama mtoto wake. Fundi aliyeichonga hakuwa na haja ya kuuliza kama itafanana na mwenye kuitunza. Fundi alikuwa wa kwao, mti ulikuwa wa kwao, na hata mtindo wa nywele uliochongwa kichwani ulikuwa wa wanawake wa kwao. Swali la kufanana huzuka pale ambapo mwenye kiwanda, mwenye duka na mtoto hawatoki katika watu wamoja, na walio na kiwanda na duka ndio walio na nguvu. Nchini Marekani swali hilo lilizuka mapema, na katika sehemu moja ya historia yake Kiswahili kilitiwa ndani bila ya Waswahili wenyewe kushauriwa. Sehemu hiyo yastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha kwa makini zaidi kuliko ilivyozoeleka.

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa mwanasesere mweusi hakuwa kitu cha nadra katika maduka ya Marekani na Ulaya. Alikuwepo, lakini aghalabu alikuwepo kwa kuchekwa. Alikuwa na midomo mikubwa myekundu na macho ya kutoka nje, au alikuwa mpishi mnene mwenye kilemba na aproni. Nchini Uingereza, Florence Upton alitoa mwaka 1895 kitabu cha watoto kilichomwingiza ulimwenguni mwanasesere aitwaye Golliwogg, mwenye uso mweusi kama lami na nywele zilizosimama, naye akanakiliwa na viwanda vingi kwa miaka mingi. Kwa hiyo mzazi mweusi wa siku zile alikuwa na njia mbili tu dukani: kumnunulia mwanawe mwanasesere mweupe, au kumnunulia dhihaka.

Mmoja aliyetafuta njia ya tatu alikuwa Richard Henry Boyd wa Nashville, katika jimbo la Tennessee. Boyd alizaliwa utumwani mwaka 1843, akawa mchungaji wa Kibaptisti, na mwaka 1896 akaanzisha nyumba ya kuchapisha vitabu vya kanisa. Mnamo 1908 alianza kuuza wanasesere weusi walioagizwa kutoka Ujerumani, nchi iliyokuwa bingwa wa ufundi huo, na mwaka 1911 akaunda kampuni aliyoiita National Negro Doll Company. Aliwatangaza katika gazeti la Nashville Globe, akisisitiza kwamba wanasesere wake hawakuwa wa namna ile ya kufedhehesha iliyozoeleka. Biashara hiyo ilikoma karibu na mwaka 1915, wakati Vita Kuu vya Kwanza vilipokuwa vimekwisha kukata njia ya bidhaa za Kijerumani. Hapo panaonekana udhaifu uliomkabili kila aliyemfuata Boyd: nia ilikuwa Nashville, lakini kalibu ilikuwa ng'ambo. Baada yake wafuasi wa Marcus Garvey walilichukua jambo hilo katika Harlem, na gazeti lao la Negro World lilitangaza wanasesere weusi kando ya habari za meli na za ukombozi wa Afrika. Wasomaji wa gazeti hilo hawakuona ajabu katika ujirani huo.

Jambo lililofanya wanasesere wasomwe hata na mahakimu lilitoka upande mwingine. Mamie Phipps Clark aliandika tasnifu yake ya shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1939 juu ya jinsi watoto weusi wadogo wanavyopata kujitambua. Yeye na mumewe Kenneth Clark waliiendeleza kazi hiyo, na matokeo yake mashuhuri zaidi yalichapishwa mwaka 1947. Watoto weusi 253 wenye umri wa miaka 3 hadi 7 waliwekewa mbele yao wanasesere wanne, wawili wa rangi ya hudhurungi wenye nywele nyeusi, na wawili weupe wenye nywele za manjano. Katika mambo mengine yote walikuwa sawasawa. Kisha mtoto aliombwa atoe yule ambaye angependa kucheza naye, yule aliye mzuri, yule aonekanaye mbaya, yule mwenye rangi ya kupendeza, na mwishowe yule afananaye naye mwenyewe. Watoto 67 katika kila 100 walimchagua mweupe wa kucheza naye. 59 katika kila 100 walisema mweusi ndiye aonekanaye mbaya. Walipoambiwa wamtoe afananaye nao, 66 katika kila 100 walimtoa yule wa hudhurungi, yaani yule ambaye wengi wao walikuwa wametoka kumwita mbaya. Kenneth Clark alieleza baadaye kwamba wako watoto walioshindwa na swali hilo la mwisho, wakalia, na wengine wakatoka chumbani wakikimbia.

Mwaka 1951 Clark aliwauliza maswali hayo watoto 16 wa wilaya ya Clarendon, South Carolina, kwa ajili ya kesi ya shule iliyokuwa ikisikilizwa huko. Kumi kati yao walimpenda zaidi mweupe. Kesi hiyo iliunganishwa na nyingine nne, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu ijulikanayo kama Brown v. Board of Education, iliyobatilisha utengano wa rangi katika shule za serikali. Maandishi ya Clark yalitajwa katika tanbihi ya kumi na moja ya hukumu hiyo.

Wakosoaji hawakukosekana, wala hoja zao si za kupuuzwa. Miongoni mwa watoto 253, wale 119 wa Springfield, Massachusetts, walisoma pamoja na watoto weupe. Wale 134 wa Arkansas walisoma mbali nao. Kama shule za utengano ndizo zilizokuwa chanzo pekee cha ubaya, ingetazamiwa watoto wa Arkansas wamkatae zaidi mwanasesere mweusi. Ikawa kinyume: wa Springfield waliomtaka mweupe wa kucheza naye walikuwa 72 katika kila 100, na wa Arkansas 62. Kwa mwanasheria hilo lilikuwa tatizo. Kwa mwenye kuchunguza historia ya wanasesere ni fundisho, kwa kuwa laonyesha kwamba mtoto hakujifunza thamani ya rangi shuleni tu. Aliisoma katika picha, katika matangazo ya biashara, na juu ya rafu za duka, na rafu hizo zilikuwa zilezile kaskazini na kusini.

Tena kuna jambo moja ambalo kwa kawaida hupitwa. Ili jaribio liwe la haki, wanasesere wale wanne walipaswa kuwa na sura moja na kutofautiana kwa rangi tu. Lakini namna hiyo ndiyo hasa iliyokuwa desturi ya viwanda: kalibu ilifanywa kwa uso wa mtoto mweupe, na mwanasesere mweusi akapatikana kwa kubadilisha rangi ya mchanganyiko. Mtoto wa Arkansas aliyeulizwa ni yupi afananaye naye aliwekewa uso mmoja uliopakwa rangi mbili. Kuchagua wa hudhurungi kulikuwa ni kuchagua rangi. Sura yake mwenyewe haikuwamo katika hao wanne.

Juhudi kubwa ya kwanza ya kuiacha kalibu ile ilitoka Belle Glade, mji wa wakulima katika Florida. Sara Lee Creech, mwanamke mweupe wa mji huo, aliwaona mwaka 1948 wasichana wawili weusi wakicheza na wanasesere weupe, akaazimia kupata mwanasesere aliyefanywa kwa sura ya mtoto mweusi wa kweli. Mchongaji Sheila Burlingame alifinyanga vichwa kwa kufuata picha za watoto weusi; mwandishi Zora Neale Hurston aliiunga mkono kazi hiyo; na mwaka 1951 Eleanor Roosevelt aliwaalika watu mashuhuri, akiwamo Ralph Bunche wa Umoja wa Mataifa, kuja kunywa chai na kuchagua rangi ya ngozi itakayofaa. Kikao hicho chaweza kumfanya mtu acheke, watu wa heshima wamekaa na vikombe vyao wakibishana juu ya rangi ya mwanasesere. Hata hivyo shida yao ilikuwa ya kweli. Weusi una rangi nyingi, na kiwanda kilikuwa na nafasi ya rangi moja. Kampuni ya Ideal ilimtoa mwanasesere huyo, aliyeitwa Saralee, mwaka 1951, lakini baada ya muda mfupi, kufika mwaka 1953, alikuwa ameachwa. Alikuwa na sura ya mtoto mweusi. Jina lake alilichukua kwa mwanamke mweupe aliyemtafutia kiwanda.

Tarehe 11 Agosti 1965 ghasia zilizuka katika mtaa wa Watts, Los Angeles, baada ya polisi wa barabara kumkamata kijana mweusi mwenye gari. Zilipokoma siku sita baadaye watu 34 walikuwa wamekufa, zaidi ya elfu moja wamejeruhiwa, na maduka mengi yamekuwa majivu. Katika mwaka huohuo Lou Smith na Robert Hall, watu wawili waliotoka katika harakati za haki za raia, walianzisha chama cha Operation Bootstrap ili kuwafundisha kazi watu wa sehemu hiyo. Wito uliosikika barabarani wakati wa moto ulikuwa wa kuunguza. Wao walibadili neno moja tu, ukawa wa kujifunza. Chama chao kilijivunia kutochukua fedha za serikali.

Mwaka 1968 chama hicho kilipata msaada kutoka mahali ambapo wengi wasingepatazamia, nao ni Mattel, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea ya Hawthorne, karibu na hapo, iliyokuwa imemtoa Barbie mwaka 1959. Mattel ilitoa mtaji wa kuanzia na mafundi wa kufundisha kazi, wala haikuchukua sehemu ya umiliki. Kiwanda kiliwekwa katika eneo lenyewe la South Central, na waliokaa mbele ya mashine walikuwa wenyeji wa hapo. Kikaitwa Shindana.

Mwanasesere wao wa kwanza, Baby Nancy, alitoka mwishoni mwa mwaka 1968. Hakuwa mwanasesere mweupe aliyetiwa rangi. Pua, midomo na mashavu vilichongwa upya, na miongoni mwa matoleo yake lilikuwapo lenye nywele fupi za asili, zisizonyoshwa. Jambo la nywele halikuwa dogo. Mashine za kushonea nywele za wanasesere zilitengenezwa kwa nywele laini ndefu, na hata nyuzi zenyewe zilikuwa za namna hiyo. Ilibidi njia itafutwe. Mtu asiyejua desturi za Marekani huenda akaona haya ni mambo ya urembo tu. Lakini kwa mama aliyekuwa amezoea kuchoma kitana cha chuma motoni ili kuzinyosha nywele za bintiye kila Jumamosi, mwanasesere mwenye nywele za kipilipili, aliyeuzwa dukani kwa bei kama mwingine yeyote, alikuwa hoja kamili isiyohitaji maneno. Kabla ya Krismasi ya mwaka huohuo Baby Nancy alikuwa amekwisha kutoka Los Angeles na kuuzwa sehemu nyingine za nchi. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka mmoja tu nyuma, 1967, Mattel yenyewe ilikuwa imemtoa Francie mweusi kwa kalibu ileile ya Francie mweupe.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Baby Nancy ana jina la Kiingereza. Lakini mwaka 1969 alimfuata mwanasesere mrembo aliyeitwa Malaika, baadaye akaja Tamu, aliyesema maneno kamba yake ilipovutwa, kisha Zuri. Kampuni ilieleza jina lake kwa wanunuzi kuwa ni neno la Kiswahili lenye maana ya mshindani.

Mwenye kujua sarufi ataona mara moja kasoro. Shinda ni kitenzi; kikitiwa kiambishi cha kutendana huwa shindana, na hapo bado ni kitenzi. Mtu afanyaye tendo hilo ni mshindani, na tendo lenyewe ni mashindano. Shindana peke yake, bila kiambishi mbele, ni amri: mtu mmoja anaambiwa aingie mashindanoni. Na kwa kuwa tendo lenyewe ni la wawili au zaidi, mwambiwaji anadokezwa kwamba yuko mwingine wa kushindana naye. Zuri nalo ni shina la kivumishi lisilo na ngeli. Mtoto ni mzuri, nyumba ni nzuri, gari ni zuri; hivyo masikioni mwa Mswahili, mtoto aitwaye Zuri ameingia katika ngeli ya gari na tunda. Tamu lina bahati kidogo, kwa sababu katika ngeli ya chai na asali hubaki tamu bila kiambishi. Ila mtu angekuwa mtamu, na neno hilo hutumiwa kwa uangalifu mbele ya wakwe. Malaika ndilo pekee lisilo na doa. Ni jina kamili, lenye asili ya Kiarabu, tena lilikuwa limekwisha kufika Marekani likiimbwa, kwa kuwa wimbo wa mapenzi wa jina hilo ulikuwa katika sahani ya santuri ya Miriam Makeba na Harry Belafonte ya mwaka 1965. Kampuni hiyo ilimtoa pia mwanasesere aliyeitwa Wanda, akiwa muuguzi, au mcheza dansi ya ballet, au mhudumu wa ndege. Jina hilo ni la Ulaya. Ni bahati mbaya tu kwamba katika Kiswahili cha zamani kuwanda ni kunenepa, jambo ambalo mwanasesere yule mwembamba hakulistahili.

Ni rahisi kuishia hapo na kucheka. Tena ni rahisi kuongeza ule ukumbusho unaojulikana sana, kwamba wengi wa mababu wa Wamarekani Weusi walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, si kutoka pwani ya Waswahili. Kwamba kwa hesabu ya nasaba Kiyoruba au Kikongo kingekuwa na haki zaidi. Yote hayo ni kweli. Lakini hayaelezi kwa nini neno la Kiswahili liliwekwa juu ya mlango wa kiwanda cha South Central, na historia huuliza kwa nini.

Jibu moja liko katika hali ya siku zile. Maulana Karenga, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha California mjini humohumo Los Angeles, alianzisha chama chake cha US mwezi Septemba 1965, wiki chache baada ya ghasia za Watts. Mwishoni mwa Desemba 1966 chama hicho kiliadhimisha kwa mara ya kwanza sikukuu iliyopewa jina kutokana na maneno matunda ya kwanza. Jina lake, Kwanzaa, lina a moja ya ziada, na yasemwa kwamba a hiyo ilitiwa kwa ajili ya watoto: walikuwapo saba, kila mmoja akitaka kushika herufi yake, na neno la Kiswahili lilikuwa na herufi sita tu. Mwalimu wa imla angeitia wino mwekundu. Mzazi angeelewa. Nguzo saba za sikukuu hiyo zote zina majina ya Kiswahili, na ya pili kati yake, kujichagulia, imefafanuliwa kuwa ni pamoja na watu kujipa jina wao wenyewe. Kwa watu ambao majina yao ya ukoo mara nyingi yalikuwa ya waliowamiliki mababu zao, hiyo haikuwa falsafa ya mbali.

Kiswahili kilichaguliwa kwa kuwa hakikuwa lugha ya kabila moja. Mtu wa Los Angeles asingeweza kujua babu yake alitoka kijiji gani. Ilimbidi ashike lugha ambayo Waafrika wa makabila mengi walikuwa wameshika kabla yake, nayo ilikuwa ikisikika katika habari za uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, wa Kenya wa mwaka 1963, na katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilifanya ujamaa kuwa neno la ulimwengu. Hata watunzi wa televisheni waliisikia lugha hiyo: mwaka 1966 mchezo wa Star Trek ulimweka mwanamke mweusi katika chombo cha angani, na jina lake Uhura likatokana na uhuru. Si ajabu, basi, kwamba mwaka 1968 watu waliotaka kiwanda chao kisiwe na jina la kuazima kwa Wazungu walikwenda kuchukua neno huko.

Na neno walilolichukua lilifaa kuliko walivyolieleza. Laiti wangelichagua mshindani, wangepata jina sahihi la kampuni. Walipochagua shindana walipata, kwa kosa, amri inayomwambia kila apitaye mlangoni afanye nini. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani; na kiwanda hiki, kama itakavyoonekana, kilipata kuzijua pande zote mbili za kitenzi hicho. Vivyo hivyo Zuri bila kiambishi laweza kuonekana si kosa la mjinga bali ni hali ya neno lililovuka bahari. Maneno ya Kiarabu yaliyoingia Kiswahili nayo yalivuliwa irabu zao, wingi wao na jinsia zao mlangoni, wala hakuna mwanachuoni wa Lamu aliyekatazwa kwa sababu hiyo kuandika utenzi. Hapana sababu ya Kiswahili kuwa na wivu kwa kutendewa kile ambacho chenyewe kimewatendea wengine kwa karne nyingi.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba kwa mara ya kwanza mambo matatu yalikutana katika mwanasesere mmoja. Boyd alikuwa na umiliki, lakini kalibu ilikuwa ya wengine. Saralee alikuwa na sura, lakini kiwanda na jina havikuwa vya watoto aliofanana nao. Malaika na Tamu walikuwa na sura, waliundwa na mikono ya watu wa mtaani kwao, na waliitwa kwa majina ambayo wazazi wa mtaa huo walikuwa wakianza kuwapa watoto wao wenyewe. Msichana aliyemwita mwanasesere wake Zuri hakuwa akicheza na jina la kigeni. Huenda rafiki yake darasani aliitwa hivyo. Jina hilo, katika hali yake hiyohiyo isiyo na ngeli, limeenea miongoni mwa wasichana wa Marekani hadi leo, na mwanasarufi atalazimika kulihesabu kuwa ni neno zima.

Kampuni iliendelea katika miaka ya sabini ikitoa pia wanasesere wa watu mashuhuri, kama mchekeshaji Flip Wilson na mchezaji wa mpira wa kikapu Julius Erving. Lakini ilikuwa na maradhi ambayo hayakuonekana dukani. Wanunuzi wakubwa waliagiza kwa ajili ya Krismasi tu, na mashine zinazofanya kazi miezi michache hazilishi watu mwaka mzima. Lou Smith alifariki katika ajali ya gari mwaka 1976. Tena mafanikio yenyewe yaliwafungulia wengine macho. Baada ya kuonekana kwamba mwanasesere mweusi mwenye sura yake hununuliwa, kampuni zenye fedha nyingi zaidi ziliingia uwanjani. Mattel ilikuwa imemtoa Christie, rafiki wa Barbie, mwaka uleule wa 1968, na mwaka 1980 ikamtoa Barbie mweusi, kazi ya Kitty Black Perkins, mbunifu mweusi. Katika rafu za duka alipatikana mwanasesere mweusi, jambo ambalo ndilo lililotakwa. Aliyepungua ni mwenye kiwanda mweusi. Mwaka 1983 Shindana ilifungwa.

Hasara hiyo haipimwi kwa idadi ya wanasesere. Mtoto aliyezaliwa South Central baada ya mwaka huo aliweza kupata dukani uso ufananao na wake kuliko mama yake alivyoweza mwaka 1947. Hakuweza tena kuambiwa kwamba shangazi yake ndiye aliyeushona nywele.

Mwaka huohuo wa 1983, katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini London, Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika ya Mashariki akisema Kiswahili, aliuonyesha mchezo wa vipande 54 vya mti vinavyopangwa kama mnara na kuchomolewa kimoja kimoja hadi mnara uanguke. Aliuita Jenga. Nao ni amri tupu ya kitenzi, bila kiambishi mbele. Mwaka 2020 jumba la kumbukumbu la vitu vya kuchezea la Rochester, New York, liliingiza vitu vitatu katika orodha yake ya heshima: mwanasesere Baby Nancy wa kiwanda cha Shindana, mchezo wa Jenga, na chaki za kuchorea barabarani.